Haijaguswa

Semeni mtakavyo juu ya mji ule, ila msiseme haukuwa na utaratibu. Utaratibu ulikuwepo, tena wa kumkaba mtu roho. Barabara zilibadili majina kila kulipokucha, na jana uliyoiacha ulipolala haikuwa lazima uikute ileile ulipoamka. Lakini kila sarafu ilikuwa ndani ya kibweta cha kioo, kila kibweta kilikuwa na lebo, na kila lebo ilikuwa na namba iliyotoka Nyumba ya Madaraja. Namba zilianzia moja zikaishia sabini. Moja ilikuwa sarafu iliyopita mikononi mwa watu hata sura ya mfalme wake ikafutika. Sabini ilikuwa sarafu ambayo haijapata kuishi: haijanunua chumvi, haijafungwa kwenye pindo la leso, haijaangukia mchangani ikatafutwa na watu wanaogombana. Na watu wa mji ule, Mungu awasamehe, waliitukuza sabini wakaidharau moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini kitu kilichotengenezwa ili kishikwe kipewe heshima kwa sababu hakikushikwa.

Si kwamba walikuwa wajinga. Zamani kila mtu aliijua sarafu kwa kuigonga juu ya jiwe na kutega sikio, kwa maana dhahabu hulia na bati hunung'unika, na hata kipofu aliweza kutofautisha. Kisha wakaja waungwana waliovaa glavu nyeupe, wakasema masikio ya watu yana chuki na upendeleo, na kwamba anayestahili kuamua ni jicho lisilojua sarafu ni ya nani. Wakatoa na dhamana: kilichoandikwa kwenye lebo ni kweli, na kitabaki kweli milele. Watu wakafurahi, kwa sababu kuamini ni kazi ya kuchosha na sasa wamepata wa kuwafanyia. Tangu hapo mji ukawa kimya. Sarafu iliyo ndani ya kioo hata uigonge vipi haisemi kitu.

Sikudhani binti Mize alikuwa na sarafu moja tu, ya dhahabu, na hakupata hata siku moja kufikiri kuiuza. Ilikuwa sarafu ya kuzalia. Katika ukoo wao mwanamke akishikwa na uchungu haumi kitambaa. Hutiwa ile sarafu baina ya meno, akaiuma mpaka mtoto atoke. Dhahabu safi si ngumu kama watu wanavyodhani, hupokea jino. Bi Mgeni aliiuma ukingoni, karibu na sikio la mfalme, akamzaa Kazija. Bi Kazija aliiuma shingoni mwa mfalme, akamzaa Mize. Mize naye aliiuma shavuni, kwa nguvu hata mfalme akaonekana ana kishimo cha shavu kama mtu anayezuia kicheko, akamzaa Sikudhani. Utotoni, Sikudhani akiumwa na homa, mama yake alikuwa akimpa ile sarafu ainyonye, naye alikuwa akizipapasa zile alama kwa ulimi: huyu Bi Mgeni, huyu Bi Kazija, huyu mama. Alijifunza nasaba yake kabla hajajifunza kuhesabu.

Sasa mimba yake ilikuwa pevu, na zamu yake ilikuwa imefika. Na hapo ndipo mpiga mbiu alipopita akitangaza kwamba kuanzia siku hiyo sarafu iliyo nje ya kibweta itaitwa sarafu uchi, na itakamatwa popote ionekanapo, hata kama ni kinywani mwa mtu.

"Usiipeleke," Bi Mize alimwambia bintiye. Alikuwa mama wa makunyanzi mengi na maneno machache. "Mtu akikwambia nataka kukuthibitishia mama yako, ujue keshaanza kumtilia shaka."

"Mama, wakinikuta nayo uchi siku ya kujifungua wataichukua. Nitauma nini?"

"Niume mimi mkono."

"Usinitanie, mama. Nitaipeleka, waiandikie karatasi yao, nirudi nayo. Nikishikwa na uchungu nitaifungua, basi."

Akaipeleka. Aliogopa sheria, akafikiri kuitii kutamlinda, kosa ambalo watu wema hulifanya sana kuliko watu waovu. Sarafu ikapokelewa dirishani na mkono uliovaa glavu, ikapelekwa ndani, ikatazamwa na jicho moja, la pili na la tatu, bila kuguswa na kidole chenye ngozi. Ilipomrudia ilikuwa ndani ya kibweta kizuri, kingo zake zimegandishwa kwa moto. Lebo ilisema: *Dhahabu. Sabini. Haijaguswa.*

Sikudhani alikigeuza kile kibweta kwenye mwanga. Shingo ya mfalme ilikuwa laini. Ukingo ulikuwa mzima karibu na sikio. Na shavu la mfalme, lile shavu lililokuwa na kishimo, lilikuwa limejaa na kunyooka kama la mtu ambaye hajapata kufurahi wala kuchukia. Alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake barabarani: "Hii si yangu."

Alirudi nyumbani akamkuta mama yake anachuja tui la nazi. Bi Mize aliinua uso, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, bibi. Pita ndani, usisimame juani na hali yako hiyo. Watokea wapi?"

Sikudhani alidhani ni mzaha, akacheka. Mama yake hakucheka. Ndipo alipoona kwamba yale makunyanzi ya pembeni mwa macho yametoweka, na ngozi ya shingo imekaza. Akamkamata mkono, akamwita mama, mama, ni mimi Sikudhani, na Bi Mize akampapasa begani kwa huruma, kama mtu anavyompapasa mgonjwa wa watu.

"Mimi sikujaaliwa mtoto, bibi. Lakini chumba kipo. Kaa mpaka ujifungue."

Majirani nao walikuwa tayari wameshaikubali jana mpya. Walipita mlangoni wakisalimu: "Bi Mize, naona umepata mpangaji!" Na kila kulipokucha Bi Mize alizidi kunyooka. Michirizi ya uzazi tumboni mwake ikafutika. Mapaja yakarudi ya mwari. Alianza kuimba nyimbo za wasichana ambao hawajaposwa, akawa anasahau kwamba aliwahi kuwa na mama aliyeitwa Kazija. Alikuwa mzuri, hilo halina ubishi, na Sikudhani alikaa jikoni akautazama ule uzuri huku hasira ikimpanda mpaka utosini. Walikuwa wanamchukua mama yake kunyanzi baada ya kunyanzi, wala hakuna aliyevunja mlango. Mtoto tumboni, aliyekuwa akipiga teke mchana kutwa, akapunguza kucheza.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hayo waliyasema wahenga, na wao hawakukiona kibweta cha kioo.

Siku aliyoamua kwenda kudai, Bi Mize alimsindikiza. "Mpangaji wangu hana ndugu," alimwambia kila waliyekutana naye njiani, "na tumbo lile si la kwenda peke yake." Alimshikia mkoba, akamkinga jua kwa upande wa leso yake, na wema huo wa mgeni kwa mgeni ulimuuma Sikudhani kuliko tusi.

Mbele ya Nyumba ya Madaraja palikuwa na foleni isiyo na mwanzo. Jua lilisimama palepale. Mbele yao alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa, Bwana Faki, aliyekipakata kibweta chake kama mtu aliyembeba kuku wa kutaga.

"Mara ya kwanza walinipa hamsini na nane," aliwaeleza bila kuulizwa. "Nikairudisha, wakanipa sitini na tatu. Nikairudisha tena, hamsini na tano. Na sarafu ni hiihii, bibi zangu, haijatoka hata kucheza."

"Wakakwambiaje?" Sikudhani akauliza.

"Wakasema sarafu ina siku zake."

"Na bado unawarudia?"

"Nangojea siku yake nzuri," akajibu Bwana Faki, na kusema kweli hakuwa na haya hata kidogo.

Walifika dirishani. Nyuma ya kioo aliketi Mthamini Mkuu, mtu ambaye uso wake haukushikika: akiinama alikuwa kijana, akiinuka alikuwa mzee, na katikati alikuwa kama kila karani uliyewahi kumsubiri. Glavu zake tu ndizo hazikubadilika.

"Hongera," alisema alipoiona lebo. "Sabini. Hizi ni chache sana mjini."

"Sikuja kupongezwa. Nimekuja kudai sarafu yangu."

"Unayo mkononi."

"Yangu ina meno ya wazazi wangu. Hii haina jino hata moja."

Mthamini aliwatazama watu wa foleni, akawatabasamia. "Kwa hiyo malalamiko yako ni kwamba ni nzuri kupita kiasi?"

Watu wakacheka. Hata Bwana Faki alicheka, na vibweta vikagongana mikononi mwao.

"Cheka, bwana," Sikudhani akasema. "Ukimaliza, ifungue tuitazame pamoja."

"Kibweta kikifunguliwa, dhamana inakufa."

"Kisipofunguliwa?"

"Dhamana inadumu milele."

"Sasa mimi nitajuaje kama mmekosea?"

"Utaleta dai, kamati itakaa."

"Kamati ya nani?"

"Ya Nyumba."

"Watu haohao walioiandika lebo?"

"Kuna wengine wanaozijua sarafu?" Mthamini aliuliza, na aliuliza kwa moyo mweupe kabisa, hilo ndilo la kuudhi. "Tena nikuhakikishie, kamati haijapata kukuta kosa tangu Nyumba ijengwe. Hebu niambie, uaminifu gani unaoupita huo?"

Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Sikudhani alitazama ukuta wa nyuma ya yule mtu, vibweta juu ya vibweta hadi kwenye dari, na ndani ya kila kimoja kipande cha dunia kilichoambiwa kinyamaze.

Nani humpima mpimaji? Alijiuliza hivyo, akajijibu, akajiuliza tena. Wanasema jicho lisilojua sarafu ni ya nani ndilo jicho la haki. Lakini sarafu ni ya mtu. Ukimwondoa mtu umebakiwa na nini? Na dhahabu. Na dhahabu ya nini, kama si ya mtu? Wanaita jeraha. Jino la bibi yangu wanaliita jeraha. Mwanamke amelala sakafuni, dunia inampasukia kiunoni, anakiuma kitu asimwamshe mume aliyelala, asimtishe mtoto aliye chumba cha pili, na wao wanakuja na lenzi wanasema ameharibu. Ameharibu! Kama hiyo ni kuharibu, basi sisi sote tuliosimama hapa ni uharibifu wa mtu. Na nyinyi je, nani aliwazaa, au mlitolewa kwenye boksi? Nipeni mama yangu. Sitaki sabini. Nipeni hata moja, nipeni sifuri, lakini nirudishieni mama yangu na sura yake.

Sehemu ya hayo lazima aliyatamka, kwa sababu Mthamini alivua lenzi yake.

"Bibi, nisikilize. Lebo inasema haijaguswa. Kama haijaguswa, hakuna aliyeiuma. Kama hakuna aliyeiuma, Mgeni hakumzaa Kazija, Kazija hakumzaa Mize, na Mize," akamwelekezea kidole Bi Mize, "hakumzaa mtu. Muulize mwenyewe."

Sikudhani aligeuka. Bi Mize alikuwa amesimama na mkoba wa watu mkononi, kijana, mzuri, hana mkunjo usoni wala deni la uchovu machoni.

"Ni kweli, bibi," alisema kwa upole. "Mimi sikuzaa."

"Basi wewe ni nani," Mthamini akamaliza, "unayesimama dirishani kwangu?"

Chupa ya uzazi ya Sikudhani ilivunjika hapohapo, na maji yakamtiririka miguuni mpaka kwenye marumaru ya watu. Foleni ikarudi nyuma. Uchungu ulimkamata mgongoni, ukamkunja, ukamwachia kidogo apate pumzi.

"Hapa si mahali pa kuzalia!" Mthamini alipiga kelele.

"Wala si mahali pa kuzikia," Sikudhani akasema, "lakini mmezika."

Akakiinua kibweta kwa mikono miwili akakipiga kwenye ukingo wa dirisha. Kwanza kilipasuka kioo. Alipokipiga tena, zile kingo zilizogandishwa kwa moto ziliachana, na sarafu ikaruka ikaangukia marumaru.

Ikalia.

Watu waliganda. Walikuwapo vijana pale ambao hawakupata kuusikia mlio ule maishani mwao, na walikuwapo wazee waliokuwa wameusahau, na wote walisimama midomo wazi wakati sarafu ikizunguka kwa ukingo, ikilia, mpaka ikalala. Sikudhani aliujua mlio ule. Si mlio wa dhahabu ya mtu mwingine. Aliinama, uchungu wa pili ukamwahi akiwa chini, na yeye akaiwahi sarafu, akaitia baina ya meno, akauma.

Ladha ya kwanza ilikuwa ya nta. Akauma tena, na kitu kikabanduka, vikammwagikia ulimini vipande vidogo vya uongo vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Akavitema kwenye marumaru. Wengi waliviona: nta, nta ya nyuki ya kawaida, ile wanayozibia mitungi. Haikuwa sarafu iliyobadilishwa. Ilikuwa ni ileile yake, imezibwa. Watu wa Nyumba waliwaona wale wanawake watatu, wakawaona vizuri sana kwa zile lenzi zao, wakawajaza nta mdomoni, kisha wakaandika kwamba hawakuwepo na wakatoa na dhamana. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena kweupe.

Ulimi wake ukaenda penyewe mahali ulipopazoea. Ukingoni karibu na sikio: Bi Mgeni. Shingoni: Bi Kazija. Shavuni, kile kishimo kirefu.

"Mama," alisema, sarafu ikiwa kinywani.

Mkoba ulianguka. Bi Mize alipiga magoti kwenye yale maji, na alipoinama uso wake ulikuwa unakunjamana, kunyanzi moja, la pili, paji la uso, pembe za macho, shingo, kama nguo iliyotolewa sandukuni ikarudia mikunjo yake ya siku zote. Alikuwa analia na kufoka kwa pamoja.

"Sikudhani! Nani kakuleta huku na hali hii? Nilikwambia usiipeleke, nilikwambia! Haya panua, usibane. Nyinyi mnatazama nini? Leteni leso! Geukeni huko!"

Wanaume waligeuka. Wanawake wa kwenye foleni waliweka vibweta vyao chini, kwanza mmoja, kisha wengine, wakazishika leso zao kwa pembe wakawazungushia pazia. Mikono haiwezi kushika leso na kibweta. Nyuma ya dirisha Mthamini alikuwa akisoma kwa sauti kifungu kinachosema kwamba kwa kitendo hicho dhamana imekoma, imekoma, imekoma kabisa, na hakuna aliyemsikiliza. Sikudhani aliigeuza sarafu kwa ulimi mpaka shavu la mfalme likamgusa jino pale palipobaki laini, kando ya kishimo cha mama yake. Alisubiri uchungu mkubwa. Ulipokuja aliuma kwa hasira yote aliyokuwa nayo, na dhahabu ikapokea.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka akaujaza ukumbi ule kwa sauti.

Bi Mize alimfuta kwa pembe ya leso, akampakata. Alipoinua macho, Mthamini Mkuu alikuwa ametoka nyuma ya dirisha, mara ya kwanza watu kumwona ana miguu. Mikononi mwake alishika kibweta kipya cha kioo, kirefu kiasi cha kumtosha kichanga, na lebo iliyokwisha kuandikwa. Hakuwa na hasira wala haya. Alikuwa mtu anayefanya kazi yake.

"Huyu ni mpya kabisa," alisema, akiinama na lenzi yake. "Sabini safi. Haijaguswa. Mwekeni humu kabla hajapata alama."

Sikudhani, amelala sakafuni hana nguvu, alimtazama mama yake. Mama yake akamtazama. Maneno yao yote ya miaka yalikuwa yamerudi.

Bi Mize alimtazama Mthamini machoni, akainamisha kichwa, akamuuma mjukuu wake shavuni. Kidogo tu, kwa mapenzi, kama mabibi wote wanavyowauma wajukuu. Mtoto alipiga ukelele wa ghadhabu, na pale shavuni ikabaki alama nyekundu ya jino.

"Haya," akasema Sikudhani. "Mpime sasa."